Viti Sita vya Inshirah

Kwa miaka kumi na tisa Inshirah alisuuza vyombo vya maabara kwenye shule yetu ya wasichana hapa Tanta, Misri, nami nikifundisha kemia humo humo. Aliponiambia, na miaka yake arobaini na minne, kwamba atafanya mtihani wa sekondari kama mtahiniwa wa nje, nilicheka. Nina ulimi mkali, nakiri. Nilimwambia kemia haiingii kichwani kwa kusugua chupa. Akaenda kujiandikisha. Akafeli mara mbili, zote kwa kemia, akaapa kwamba ya tatu ikimshinda anaacha.

Kilichomwangusha ndicho kinachowaangusha wanafunzi wangu wote. Pete ya benzeni, mduara wa atomi sita za kaboni, ina nafasi sita, na aliyetangulia kukaa ndiye anayempangia ajaye. Tanguliza klorini, na nitro itakaa ubavuni mwake au mkabala. Tanguliza nitro, na klorini itaruka nafasi moja. Ukikosea nani atangulie, maksi zimekwenda.

Asubuhi moja nikamkuta amepanga bika sita mduara, anazisemesha. Akanieleza, akiniita abla kama waitwavyo walimu wa kike hapa kwetu, kuwa hiyo ndiyo meza yake ya kulia chakula.

"Nitro ni shemeji yangu mlafi, abla. Anavuta sahani zote kwake, na wanaoumia zaidi ni wa ubavuni na anayetazamana naye. Mgeni mwenye akili anaruka kiti kimoja."

"Na klorini?"

"Naye bahili. Ila hicho kidogo anachomega, anawamegea wa ubavuni na wa mkabala."

Miaka yote hiyo sikuwahi kulieleza somo hili vizuri namna hiyo. Niliona aibu, kisha nikafurahi mno. Nikavuta stuli, tukasoma pamoja hadi Juni.

Na kwenye mtihani swali likaja: kutoka benzeni, pata klorini na nitro zilizoachana kwa nafasi moja. Alishaandika klorini kwanza, akamkumbuka shemeji, akaikata na kutanguliza nitro.

Matokeo yalipotoka, vigelegele vyake vilimtoa muuza dengu dukani kwake. Kemia alipata tisini na moja kwa mia.

Alitualika nyumbani kwake kula bata, watu sita kwenye meza ile ya duara. Yeye alitangulia kukaa. Mimi, nikikumbuka niliyomwambia zamani, nikaruka kiti kimoja.

Akanishika mkono. "Huko siyo, abla. Mimi si nitro. Kaa mkabala nami."

Nikakaa, na paja la kwanza la bata likaja kwenye sahani yangu.