Pikapu ya Baba Ilinuka Uji

Baba alinifundisha gari kwa ugomvi. Asubuhi, kabla hujawasha, fungua boneti, tazama maji, vuta kijiti cha oili, kipanguse, kirudishe, kivute tena. Ukiruka hatua, alisimama tu hapo mikono ikiwa mgongoni, akakohoa kikohozi kisichokuwa cha homa, mpaka ukumbuke. Na kuhusu rejeta alikuwa na amri yake: humo huingia maji safi na kulanti, dawa ya kupoza injini, basi. Majirani zetu wa Moi's Bridge walikuwa na dawa zao za rejeta inayovuja, huyu yai, yule pilipili, na kila mmoja aliapa kwamba yake inaziba. Baba aliwacheka mbele yao. Alisema rejeta si sufuria.

Nimepewa jina la mamake mzazi, kama ilivyo desturi kwetu, kwa hivyo hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita Maitu, yaani mama yangu. Hata aliponifokea kwa kusahau kufunga kifuniko cha oili, alinifokea kama mtu anayemfokea mamake, kwa sauti kubwa lakini macho chini. Tangu tumzike, hakuna anayeniita hivyo. Nina duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Eldoret. Wateja huniita madam, majirani wa Kimumu huniita mama wa fulani, na yote ni majina mazuri. Lakini kuna jioni ninafunga duka na ninatamani kuitwa kwa jina lile.

Aliacha shamba, aliacha ng'ombe wawili wakaidi, na aliacha pikapu. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea kwa umbo lake, na mimi ambaye ni mwembamba nilikaa ndani ya umbo hilo kama punje ndani ya debe. Kaka yangu anayeishi Nairobi alitaka iuzwe. Si mtu mbaya, kaka yangu. Alisema gari limezeeka, kuna jirani anayelitaka kwa kubebea mahindi, na kwamba sisi wengine tunalia kila tukiliona halafu tunaita hayo matumizi. Tulibishana, kisha tukakubaliana: likitembea nibaki nalo, lakini siku injini itakapohitaji kufunguliwa, liende. Nilikubali upesi. Nilijua baba hawezi kuacha injini mbovu.

Mama, kwa upande wake, alikataa kutoka nyumbani tangu mazishi. Nilimwita Kimumu apumzike kwangu, akasema kuku watalala wapi. Nikatafuta mtu wa kuku, akasema mahindi hayajavunwa. Mahindi yakavunwa, yakakauka, yakaingia stoo, na siku moja alipokosa kisingizio aliniambia atakuja, ila kwa gari la baba yangu. Hakutaka lingine. Kwa hivyo niliiondolea pikapu turubai, kwa sababu ilikuwa imeegeshwa muda wote huo kando ya stoo, nikaizungusha kijijini kidogo ili izoee, na siku iliyofuata nikampakia mama, gunia la maharagwe na jogoo mmoja aliyefungwa miguu.

Kusema kweli, asubuhi ile sikutazama ndani ya rejeta. Nilitazama chupa ya akiba iliyo kando, nikaona maji yamefika alama, nikaridhika. Nilikaribia kukisikia kile kikohozi.

Mpaka Soy mambo yalikuwa sawa. Mama alikuwa ametulia, mkono mmoja juu ya dashibodi kama alivyozoea, anatazama mashamba yaliyovunwa na kunung'unika kuhusu wakulima wanaoacha mabua yasimame. Tulipoanza kupanda mwinuko, mshale wa joto uliokuwa umelala katikati uliinuka ghafla, ukagusa nyekundu. Kabla sijapata pa kuegesha, mvuke ulianza kutoka pembeni mwa boneti, na maji yakawa yanachirizika chini ya gari. Nikazima injini.

Nilimwambia mama akae, nikafungua boneti. Mvuke ulinipiga usoni, na ndani ya mvuke huo kulikuwa na harufu ya uji. Si uji wowote, uji wa kuchachuka, ule tuliokunywa shambani wakati wa palizi, baba akiumwaga kutoka kwenye kibuyu na kulalamika kwamba vikombe ni vichache. Macho yalinijaa maji. Nilijikemea. Miezi hiyo kila kitu kilinuka baba: sabuni ya kipande, mkanda wa ngozi, mvua juu ya vumbi. Nilijiambia hata moshi wa gari bovu sasa unamtafuta mzee wangu, nikaiacha harufu hiyo ipite.

Kifuniko cha rejeta sikukigusa, kwani maji ya moto humrukia mtu usoni. Nilingoja. Kisha nikafanya nilivyofundishwa. Nilivuta kijiti cha oili: oili nyeusi kama kawaida, haina povu wala weupe. Mkanda wa feni ulikuwa mzima. Niligusa mpira wa juu wa rejeta kwa kanga ya mama, ulikuwa moto wa kuunguza. Niligusa wa chini, ulikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Maji yalikuwa hayapiti. Na uvujaji wenyewe ulikuwa kwenye mshono wa chini wa rejeta, mahali palipoonekana pamewahi kuvuja zamani, pakazibwa, na sasa pamefunguka upya kwa nguvu ya joto. Sikuelewa ni nani aliyepaziba. Baba angeniambia.

Trekta iliyotoka shambani ilituvuta hadi gereji moja ya kando ya barabara. Fundi alikuwa mtu mzima, ovaroli safi kuliko nguo zangu, na maneno mengi. Alinisikiliza robo ya maelezo yangu. Alifungua kifuniko cha rejeta, akatumbukiza kidole, akakitoa kikiwa kimepakwa kitu cheupe kizito, na uso wake ukawa wa mtu aliyemaliza mtihani kabla ya wengine.

"Madam, hii gasket ya head imeenda," akasema. "Unaona hii cream? Oil imeingia kwa maji. Hapa ni kufungua engine yote."

Gasketi hiyo ndiyo hutenganisha maji na oili ndani ya injini. Nilimwambia oili yangu ni safi, nimeiangalia barabarani. Akavuta kijiti mwenyewe, akakitazama, akasema basi ndiyo inaanza, kesho ingekuwa imechafuka. Nilimwambia kuhusu mpira wa chini uliokuwa baridi. Akasema hayo ni mambo mengine, weupe ni weupe. Na kusema haki, weupe ule haukuwa wa kubuni. Ulikuwa pale, mzito, unang'ang'ania kidole chake. Kila fundi wa nchi hii angesema vile vile, na hata baba alinifundisha hivyo: maji yakigeuka kama maziwa, kaa chini kwanza ndipo uulize.

Nikakaa chini kweli, juu ya tairi kuukuu, simu mkononi. Ahadi ni ahadi. Ilibidi nimpigie kaka nimwambie injini inahitaji kufunguliwa, naye angeshukuru kwa upole wake kwamba nimesema ukweli, na kabla ya wiki kuisha jirani angekuwa amekalia kile kiti na kuanza kukibonyeza kwa umbo lake mwenyewe. Niliitazama namba ya kaka. Nilimtaka baba wakati ule kuliko hata siku ya kaburi. Siku ya kaburi kulikuwa na watu.

Ndipo nikasikia mlango wa pikapu ukifunguliwa. Mama alishuka polepole, akamwacha jogoo kitini, akaja mpaka mbele ya gari. Alimwomba fundi anyooshe kile kidole. Fundi akanyoosha, nusu akitabasamu. Mama akachukua kidogo kwa kucha yake, akaisugua kati ya vidole viwili, akainusa.

"Hii si oil, fundi," akasema. "Hii ni unga yetu."

Fundi akacheka. Mimi sikucheka, maana ile harufu ilinirudia yote kwa mara moja.

Mama hakuniangalia alipoanza kueleza. Alieleza akiitazama rejeta. Walikuwa wametoka kinuni kusaga mahindi, yeye na baba, safari yao ya mwisho pamoja ndani ya gari lile, ingawa hawakujua. Rejeta ikaanza kuvuja mahali pasipo na nyumba, mawingu yamejaa, upepo unakata. Baba alitaka wangoje mpaka apatikane mtu wa kuwavuta. Lakini mama alikuwa na homa, meno yanagongana, na baba alimfunika kwa koti lake, kisha kwa gunia, na bado akawa anatetemeka. Mvua ilipoanza kudondoka, baba aliitazama rejeta, akamtazama yeye. Kisha akafungua mfuko wa unga.

"Mimi ndio nilimshikia mfuko," mama akasema. "Akaweka konzi, akaweka ingine. Ikaziba, tukafika. Usiku akaniambia, Maitu asijue hii maneno. Nimemfundisha vizuri, akisikia atanicheka mpaka nihame."

Jina lile lilitoka mdomoni mwa mama kana kwamba limekuwa pale kwa muda wote. Nilifunika uso kwa mikono yangu iliyojaa oili na nikalia mbele ya fundi, na mbele ya watu waliokuwa wakingoja kuzibiwa tairi. Ningemcheka, ndiyo. Ningemcheka vibaya, ningemletea mwiko kila Krismasi. Ningetoa chochote nipate nafasi hiyo ya kumcheka.

Fundi alifuta kidole chake kwenye ovaroli ile safi. Halafu akaanza kazi upya, bila madaha. Alifungua nyumba ya thamostati, kidude kinachoyapitisha maji injini ikipata moto, na kutoka humo akachokoa bonge la kijivu lililoganda. Akaing'oa rejeta, akaisimamisha juu chini, akaingiza mpira wa maji kwa upande wa kutokea ili uchafu urudi ulikotoka. Maji meupe yakatoka, yakaingia kwenye mtaro, na gereji nzima ikanuka uji uliochacha. Alieleza, safari hii kwa sauti ya kawaida, kwamba unga uliziba tundu siku ile, lakini ulipokaa miezi ndani ya gari lililosimama uliteremka, ukajikusanya kwenye vijia vyembamba, ukaoza na kuganda. Kijijini, mwendo mdogo, usingeonekana. Mwinuko ndio uliomaliza. Akaziba mshono kwa risasi ya kuchomelea, akaweka thamostati mpya, akajaza maji akiacha kifuniko wazi, akawasha. Tulisimama watatu tukichungulia. Gasketi ikiwa imeungua, maji huchemka mapovu ya hewa pale pale. Hayakuchemka. Yalizunguka tu, safi, yakapata moto taratibu, na mpira wa chini nao ukapata moto.

"Haina haja ya kufungua engine," fundi akasema. Kisha akamgeukia mama. "Lakini mama, tafadhali, unga ni ya ugali."

Mama alimjibu kwamba anajua, na kwamba mwenye kuuweka alijua pia.

Mimi nilikuwa nikiyatazama maji ya mtaroni. Nilikuwa na furaha kwamba gari limebaki, na hapo hapo nilikuwa nikiona kazi ya mwisho ya mikono ya baba ikiteremka na kuchanganyika na matope ya Soy. Ilibidi itoke. Nilijua ilibidi itoke. Nilisimama pale mpaka maji yakawa hayana rangi.

Tulipoingia garini, mama aliniambia nipapase chini ya kiti changu, nyuma kabisa, karibu na jeki. Baba alibakisha unga kidogo, akasema ni wa siku nyingine, ikiwa baridi itamshika tena mkewe njiani. Nilipapasa, vidole vikagusa mfuko mdogo wa nailoni. Niliutoa. Unga ndani yake ulikuwa umeingia wadudu na kugeuka rangi, haufai hata kwa kuku. Mdomo wa mfuko ulikuwa umefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi, umezungushwa mara nyingi na ncha yake kuchomekwa chini, jinsi baba alivyofunga magunia yote ya maisha yangu.

Nikaanza kuufungua. Sijui nilitaka nini humo, labda kuunusa tu.

Mama alinishika mkono.

"Wacha," akasema. "Ukifungua, hakuna mtu atakuja kufunga hivyo tena."

Nikaurudisha chini ya kiti, nikausukuma mpaka nyuma, nikawasha gari. Mama aliweka mkono wake juu ya dashibodi. Njia nzima mpaka Kimumu nilikuwa naangalia mshale, nao ulikaa katikati.