Orodha ya Mchango wa Hiari

Miaka michache baada ya Uhuru nilikuwa mpiga taipu katika kampuni iliyonunua pareto mjini Kisii. Vumbi la maua yale makavu lilinitoa machozi kila siku, hivyo hata siku niliyolia kweli hakuna aliyegundua.

Msimu wa uchaguzi ulipofika, meneja alituita sote uani. Rafiki yake alikuwa anagombea ubunge.

"Mkono mtupu haulambwi," alisema. "Kila mfanyakazi atachanga shilingi kumi. Ni hiari."

Mpakiaji mmoja wa magunia akajibu kwamba hiari yake inakataa. Kesho yake aliambiwa kazi imepungua. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, lakini wahenga hawakuwahi kuajiriwa na meneja wetu.

Shida yangu ilikuwa nyingine. Mpinzani wa huyo rafiki alikuwa mtu wa ukoo wetu wa Manga, na baba ndiye aliyemtafutia kura. Alipanda na kushuka vilima kwa miguu, nyumba hadi nyumba, isipokuwa siku ya Sabato. Lakini mshahara wangu ndio uliokuwa ukiwasomesha wadogo zangu wawili. Nikatoa. Nilijiambia kwamba pesa haina sauti.

Kisha meneja akaniagiza nipige taipu majina ya waliochanga. Majina tu, alisema. Nami kwa kiburi cha msichana anayeijua kazi yake, nikaona majina matupu ni kazi nusu. Kando ya kila jina nikaongeza jina la baba na mahali mtu alikotoka. Karatasi ilipendeza. Sikuuliza inakwenda wapi.

Jumapili iliyofuata ilisomwa kwa kipaza sauti sokoni Manga, kama majina yanavyosomwa kwenye harambee. Baba alikuwa amesimama pale na wazee wenzake, wamekuja kusikia rafiki wa meneja atasema nini kwenye mkutano wake. Wakafika kwenye jina langu: binti wa fulani, wa huku huku Manga. Watu wakageuka kumtazama baba. Mimi sikuwapo, nilisimuliwa na mama.

Nilipofika nyumbani nilimkuta baba akinoa panga. Nikaomba msamaha hata kabla ya kuketi. Siku zote aliniita mama, kwa kuwa nina jina la mamake.

"Mama, ungeniambia, ningekuelewa. Watoto lazima wasome."

"Niliogopa, baba."

"Sasa wanasema ninakula pande mbili."

Akaendelea kunoa. Ningefurahi kama angenigombeza.

Siku ya kura aliamka kabla yetu sote, akavaa koti lake la kanisani, akaenda kupanga foleni. Mtu wetu alishindwa kwa kura chache. Matokeo yalipotangazwa, wazee walikuja kumuuliza baba alimpigia nani. Akawaambia. Wakatazamana. Kura yake ilikuwa ya siri, hakuwa na namna ya kuwaonyesha. Shilingi zangu kumi zilikuwa zimesikiwa na soko zima.

Wadogo zangu walimaliza shule. Baba hakuitwa tena kwenye kikao cha ukoo mpaka alipofariki, na waliolibeba jeneza lake ni wale wale waliokataa kumwamini.