Kilima Nilichokataa Kukipanda

Nakumbuka Jumamosi ile niliposhuka basi pale Nyololo, mwanangu, nimevaa koti jipya na viatu vinavyolia kila nikikanyaga. Nilikuwa na ruhusa ya siku mbili kutoka kiwanda cha chai, hukohuko Mufindi, nikienda kwetu upande wa Igowole. Shule niliishia darasa la tatu. Nasema hili mapema usije ukadhani unasoma maneno ya msomi. Lakini wakati huo tayari nilikuwa nasimamia watu kumi na wawili, na nilijiona mtu.

Pale barabarani nikamkuta Kisinda, tuliyechunga naye ng'ombe utotoni. Alikuwa anauza viazi.

"Eh, bosi!" akaniita. "Kumbe bado unapanda basi? Mimi nilifikiri utakuja na lori kuchukua mbao zako."

"Mbao gani?"

"Hee! Hujui? Miti yako yote ya misindano iko chini. Festo anapasua, wiki ya pili sasa. Au ndiye uliyemtuma?" Akawageukia wenzake. "Jamani, mwenye mali hana habari!"

Wakacheka. Nami nikahisi masikio yanawaka moto.

Festo ni mdogo wangu, tumbo moja. Na ile misindano niliipanda mwenyewe nilipoacha shule, miche nikiibeba kichwani, kwenye kilima alichonigawia baba kabla hajafa. Nilipokwenda kiwandani nilimwachia Festo ailinde. Wengine walikuwa na vyeti, mimi nilikuwa na miti. Ilikuwa nyumba yangu niliyokuwa sijaijenga.

Wazee husema za kuambiwa changanya na zako. Mimi sikuwa na zangu za kuchanganya. Njia ya kwenda kwetu inafika chini ya kilima, halafu inagawanyika. Kulia unapanda kwenye shamba la miti, nusu saa tu kwa mtu mwenye miguu mizima. Kushoto unakwenda kwa Festo. Nilikata kushoto. Hata kichwa sikukiinua nitazame juu.

Nikamkuta uani na majirani wanapanga mbao. Nywele zake zimejaa unga wa msumeno. Aliponiona akatabasamu.

"Kaka, karibu. Afadhali umekuja. Twende juu kwanza ukaone."

"Sina cha kuona. Mbao naziona."

"Panda kwanza, kaka. Halafu ndiyo unitukane."

Mtu mmoja akacheka. Hakuwa na nia mbaya, ni vile watu wanavyocheka ndugu wakianza. Lakini kicheko kile kiliungana na kile cha Nyololo, nikaona dunia nzima inanicheka. Nikasema, tena kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya tatu: "Kuanzia leo mimi na wewe hatuzikani. Nikifa usije. Ukifa siji."

Mwanangu, nyie wa mjini mnaweza msielewe uzito wake. Huku kwetu milimani watu hutukanana, hushtakiana, hata kupigana, na Jumapili wakakaa benchi moja kanisani. Hayo ni mambo ya dunia. Lakini kumwambia ndugu hatuzikani ni kumtoa katika watu. Bibi mmoja aliyekuwa pale aliweka kikapu chake chini, akasema "Yesu wangu," akaenda zake bila kuaga. Mimi nikageuka na viatu vyangu vinavyolia, nikarudi barabarani, nikasubiri gari. Nilijiona nimefanya uamuzi wa kiume.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole lingepona wiki ileile.

Jumatatu nikaingia kazini. Kazi yangu ilikuwa kwenye vitanda virefu vya wavu, ambapo majani mabichi ya chai hutandazwa yanyauke kabla hayajaingia mashineni. Feni zinapuliza kutoka chini, watu wanageuza majani kwa mikono, polepole. Ukiyageuza kwa nguvu yanachubuka na kuwa mekundu, na chai yake haina thamani.

Fundi wetu mkuu alikuwa mzee mwembamba kutoka Sri Lanka, mtu wa dini ya Budha. Tulimwita Bwana Angalia, kwa sababu Kiswahili chake chote kilianzia hapo: angalia jani, angalia moto, angalia mkono. Kila asubuhi kabla king'ora hakijalia alikaa juu ya sanduku la chai, miguu ameikunja, macho amefumba. Vijana walikuwa wanamtania: "Huyu Bwana Angalia mbona anaangalia akiwa amefumba macho!" Siafu wakiingia ofisini mwake hakuwaua. Alisimama nje mpaka wapite.

Siku ile akaja kitandani kwangu, akachota majani, akayafungua kiganjani. Mekundu.

"Jani limekosa nini?" akaniuliza.

"Hakuna, bwana."

"Mkono wako umekasirika. Na nani?"

Sijui kwa nini nilimweleza. Labda kwa vile hakuwa wa kwetu, hangekwenda kusema kanisani. Nikamwambia yote, tena kwa majivuno, nikingoja aseme pole.

"Mlima umepanda?"

"Hapana."

"Jicho lako limeona kwa nini mti umekatwa?"

"Nimeambiwa na mtu barabarani."

Akatikisa kichwa. "Basi umekata ndugu kwa mdomo wa mtu mwingine."

Halafu akakaa ukingoni mwa kitanda, kitu ambacho hakukifanya na mfanyakazi yeyote. Akanieleza kwamba kwao wanafundishwa hivi: mtu anachukuliwa na vitu vitatu. Tamaa, hasira, na giza la kutojua. Kimoja tu kikikushika, usiamue jambo. Ngoja kipite, maana hakuna kitu kisichopita, hata hasira ina mwisho wake ukiitazama bila kuilisha. "Wewe siku ile ulikuwa na vyote vitatu," akasema. "Unataka mti wako. Umekasirika. Na hujui. Halafu unasema umeamua. Hapana. Hujaamua. Umechukuliwa."

Akaendelea, na hili ndilo ninalotaka ulishike. Kwao, akasema, mtu huangalia tendo lake mara tatu. Kabla hajalitenda anajiuliza: litaniumiza mimi? Litamuumiza mwenzangu? Akiwa katikati anaangalia tena. Akimaliza anaangalia tena, na kama limeumiza anakwenda kusema kweli mbele ya mtu mwenye busara. "Watu wengi wanajua kuangalia kabla," akasema. "Wanasahau katikati. Wewe uko katikati. Bado unaweza kuacha. Kesho usije kazini. Panda mlima."

Unajua nilimjibu nini? "Bwana, kwetu mwanaume hasemi mara mbili."

"Mti ukianguka hausemi mara mbili," akasema. "Wewe si mti."

Neno hilo likanichoma, mwanangu. Nikamtupia neno baya, kwamba mtu asiyemjua Mungu atanifundisha nini. Hakukasirika. Aliinama akaanza kuokota majani mekundu, moja moja, kuyatenga na mazima, na mimi nikasimama pale namtazama kama mjinga.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikulisema kwa miaka mingi. Nilipanda. Si kesho yake. Ilipita miezi mitano, nikaenda siku ya katikati ya wiki ili nisikutane na watu. Nikafika juu, nikakuta visiki vyangu vyote vyeusi. Moto ulikuwa umepita. Mtu wa upande wa pili wa kilima alikuwa anachoma shamba lake, upepo ukageuka, ukaingia kwenye misindano. Na msindano ukishababuka, usipoupasua mapema, wadudu wanaingia, mbao inakuwa nyeusi, hata ya kuni inakuwa shida. Festo alikuwa anaokoa kilichobaki. Pembeni, chini ya turubai, zilipangwa mbao nzuri kuliko zote, na kwenye kila moja alikuwa ameandika kwa mkaa herufi ya jina langu.

Niligusa kisiki, mkono ukawa mweusi. Chini pale niliona moshi wa jiko la mke wa Festo. Dakika ishirini tu. Nikasimama mpaka baridi ikaniingia. Nikateremka kwa njia nyingine.

Ndiyo maana nasema kosa langu kubwa si lile la uani. Lile lilikuwa la hasira, na hasira hasara, kila mtu analijua. Hili la pili nililifanya nimetulia kabisa. Moyo haukuwa unadunda, sauti haikuwa juu. Nilipima, nikaona heri nimpoteze ndugu kuliko kuonekana mbele za watu nimekosea. Kwa hiyo usije ukadanganywa kwamba ukitulia tu umeshakuwa na busara. Mufindi mwezi wa sita majani ya viazi yanatulia tuli asubuhi, hayatikisiki. Ukiyakaribia unakuta barafu imeyaunguza. Kiburi nacho kinatulia hivyohivyo.

Nilijiambia Festo aje yeye kwanza, mimi ni mkubwa. Nikaacha kazi kiwandani, nikahamia Mbeya kufanya biashara. Miaka minne.

Kisha binti yangu wa kwanza, Neema, akafa kwa homa. Alikuwa na miaka mitatu. Tukampeleka kuzikwa Igowole, kwenye makaburi ya wazazi wetu. Kiangazi kilikuwa kikali, ardhi ngumu kama saruji, wanaume wanachimba kwa zamu na hawafiki popote. Nikamwona Festo anakuja kwa njia ya shambani, sururu begani. Baba mdogo wetu mmoja, mzee wa kusema kila kitu, akamzuia.

"Festo, mwanangu, kaka yako alisema hamzikani."

"Alisema yeye, baba. Mimi sikusema."

Akashuka kaburini. Akachimba mpaka mwisho, hakumpisha mtu.

Baada ya maziko nilimfuata alipokuwa ananawa mikono. Nikasema. "Festo, nisamehe. Nilipanda kilimani. Niliona."

"Ulipanda lini?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Mwaka uleule."

Aliacha kunawa. Maji yakawa yanamwagika kutoka kwenye kata aliyoishika, bure. "Kumbe ulijua," akasema. "Mimi miaka yote nakutetea kwa watu. Nawaambia kaka hajui, siku akijua atakuja."

Hilo ndilo jembe lililonichimba, mwanangu. Si hasira yake, maana hakuwa nayo. Ni kwamba alinijengea nyumba ya heshima kwenye midomo ya watu, na mimi mwenyewe nikaibomoa pale kwenye kata ya maji.

Akanisamehe. Alisema "Yameisha, kaka," na Festo akisema yameisha, yameisha kweli. Tumezeeka wote sasa, tunapigiana simu kila Jumapili, tunaulizana magoti. Nilirudi kiwandani nimshukuru Bwana Angalia, nikaambiwa mkataba wake uliisha, ameshakwenda kwao. Lakini angalia mavuno. Watoto wakubwa wa Festo walikua miaka ile ambayo sikukanyaga kwao. Kwa haki ya damu mimi ni baba yao mkubwa. Hawaniiti hivyo. Wananiita Mzee wa Mbeya. Wana adabu, wananiletea kiti, wananiletea chai, na wananiita kama wanavyomwita mgeni aliyepita kununua mahindi. Mimi niliyefika Mbeya na sanduku moja, leo nina malori na nyumba Uyole, na hakuna mahali panapouza neno "baba mkubwa". Samahani huondoa deni la moyo, lakini hairudishi miaka. Yule mzee angesema kila tendo ni mbegu, hata ukijutia kupanda, litaota.

Mimi ni Mlutheri, mwanangu, na nitazikwa na kwaya. Sikuhubirii dini ya Budha. Nakuhubiria macho. Siku hizi hamtamki hatuzikani, mnabonyeza simu tu, ndugu anafungiwa namba, mke anatumiwa talaka kwa ujumbe, mtu anaacha kazi kwa maneno matatu kabla chai haijapoa. Nawaona, na nimechoka kuwaona, kwa sababu mimi nilitangulia njia hiyo kwa miguu.

Basi shika haya. Ukiambiwa jambo, nenda ukalione, hata kama ni kilima na umevaa viatu vipya. Ukihisi tamaa au hasira, au ukijua kwamba hujui, funga mdomo, vuta pumzi, itazame mpaka ipite. Itapita. Jiulize nani ataumia. Na kama umeshasema, umeshaondoka, umeshafika katikati ya ubaya, simama hapohapo katikati. Usione aibu kurudi. Mwanaume husema mara mbili, na mwanamke pia, na ile ya pili mara nyingi ndiyo yenye akili. Ukiujua ukweli leo, uteremke nao leoleo, kwa njia ileile inayopita mlangoni kwa uliyemkosea.

Mungu akupe moyo usio na haraka na miguu isiyoogopa kurudi. Akupe ndugu wa kukutetea usipokuwepo, na akujalie usimwangushe. Watoto wa ndugu zako wakuite kwa jina lako la damu mpaka siku ya mwisho. Amina.