Brauza ya Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kompyuta zinanijua. Kwenye loji ninayofanyia kazi hapa Mikumi niliajiriwa mapokezi, lakini chochote chenye waya kikigoma ninaitwa mimi, na huwa nakitengeneza huku nakitukana. Siku ya mahafali ya mke wangu kompyuta iligomea Kilosa, mimi niko Mikumi, na aliyekaa mbele yake alikuwa mama mkwe. Kwa hiyo hata matusi sikuweza kuyatumia.

Mke wangu alikuwa anahitimu uuguzi kwenye chuo kilicho mbali, huko Kanda ya Ziwa. Mama yake ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi Magomeni pale Kilosa, na goti lake halimruhusu tena kukaa kwenye basi kutwa nzima. Chuo kilitangaza kwamba sherehe itarushwa moja kwa moja mtandaoni. Mke wangu akaniambia, "Wewe usihangaike kuja, utaniona nikirudi. Ninachotaka ni mama anione siku hiyo. Basi." Hilo "basi" alilisema kwa namna ambayo mume mwenye akili haongezi neno.

Basi wiki moja kabla nikapeleka laptop yangu ya zamani Magomeni, pamoja na kimodemu chake, nikamfundisha mama. Hapo palikuwa na kazi. Mama mkwe humwambii "bonyeza hapa, haraka, siyo hivyo, tena." Mimi hata kula naye meza moja sijawahi, sahani yangu huletwa upande wangu na yake hubaki upande wake. Nikazunguka maneno kama mtu anayeposa upya. Nikamwambia, "Mama, hii alama ya rangi ndiyo brauza. Ichukulie kama mlango wa nyumba ya watu. Unabisha hodi mara mbili kwa hiki kipanya, wanakufungulia." Nikabofya mwenyewe, ikafunguka, na nilikuwa nimeipanga ikifunguka tu ianzie kwenye ukurasa wa chuo. Mama akaitikia kwa kichwa, akasema ameelewa. Ningemwomba ajaribu mbele yangu, lakini nani ana ubavu wa kumtahini mwalimu?

Siku yenyewe, asubuhi, simu ikaita. Mama anatumia kitochi, simu ya vitufe isiyo na mambo mengi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe. Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka salama, mama."

"Wazazi hawajambo? Kazi inaendaje? Mvua imenyesha?"

Nikajibu yote. Ndipo akasema, kwa sauti ileile ya kuulizia mvua, "Hii brauza yako haifunguki."

"Umebisha hodi, mama?"

"Nimebisha. Kimya."

Nikamwomba aizime kompyuta na kuiwasha. Simu ikakatika. Nilipopiga tena ilibidi nianze upya na shikamoo, kwa sababu kwa mama mkwe salamu ya simu iliyokatika imekufa pamoja na simu. Marahaba, mkwe. Wazazi hawajambo? Wazazi walikuwa hawajambo dakika chache zilizopita na walikuwa bado hawajambo, lakini nilijibu kikamilifu. Taa ya modemu je? Inawaka kijani. Kumbe mtandao upo. Simu ikakatika. Shikamoo mama.

"Marahaba. Sasa jina lake limepakwa rangi ya bluu."

"Jina la nani, mama?"

"La hiyo brauza. Na kuna kakijiti kanawaka kanazimika, kama kananisubiri niseme neno."

Mimi fundi, mimi ninayeitwa na kila mtu, nikatamka kwa kujiamini kabisa, "Hivyo vitakuwa ni virusi, mama." Nikamwambia aizime tena.

Wakati huohuo nyani alikuwa ameingia kwenye baraza la kulia chakula na kubeba mkate wa mgeni, mgeni anapiga kelele, bosi anapiga kelele, na mimi nimejificha nyuma ya friji nikiulizia taa za modemu. Nilimtukana yule nyani matusi yote niliyokuwa nimeiwekea akiba kompyuta.

Kwenye simu nikaanza kusikia sauti za wanawake na vikombe. Mama alikuwa amealika akina mama wa kikundi chake waje kumwona binti yake akivaa joho. Nikathubutu kusema labda mmoja wa wageni ana simu kubwa, angeweza kufungua humo.

"Mwanangu nimwangalie kwenye simu ya kuazima?" akasema. "Tunaipokezana kama picha ya marehemu?"

Nikaomba radhi. Akaongea polepole sasa, nadhani alikuwa amewapa wageni mgongo. "Kama haiwezekani, mkwe, wewe niambie tu. Nitawaambia wanywe chai waende zao."

Hapo moyo uliniuma kweli. Nilimwona kama nipo pale, akikusanya vikombe. Nikamwambia bosi nina dharura ya ukweni, na kabla hajauliza nani anaumwa nilikuwa nimeshapanda pikipiki.

Barabara ya Kilosa ilinilisha vumbi lote lililokuwepo. Njiani nikakutana na kundi la ng'ombe lisilo na habari na mahafali ya mtu. Nilipiga honi, wakasimama kunitazama. Nikazima pikipiki nikangoja wapite, huku nikipiga hesabu ya herufi: majina husomwa kwa alfabeti, na jina la mke wangu liko mwishomwisho. Hilo ndilo lililokuwa tumaini langu pekee.

Nilipofika Magomeni sebule ilikuwa imejaa. Ungedhani ningekimbilia kompyuta. Thubutu! Wanawake wote wale walikuwa wakubwa kwangu, wamekaa kwenye mkeka na makochi, na kila mmoja alistahili shikamoo yake. Nilizunguka nikiinama, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, na mmoja akanishika mkono kuulizia bei ya viazi huko Mikumi. Mahafali yalikuwa yanaendelea bila sisi.

"Mama," nikasema hatimaye, "naomba nione ulivyokuwa unafanya."

Mama akaweka miwani sawa. Akapeleka mshale hadi kwenye maandishi chini ya alama, kwa sababu mtu huitwa kwa jina lake. Akabofya mara moja. Kisha akaondoa mkono kwenye kipanya, akauweka mapajani, akatulia. Alikuwa na ule uso wa mtu aliyesimama mlangoni kwa watu, anayewapa wenyeji nafasi ya kuvaa vizuri. Aliporidhika kwamba wamepata muda wa kutosha, akabofya mara ya pili. Jina likageuka bluu, kijiti kikaanza kukonyeza, yaani kompyuta inangoja aandike jina jipya. Na pale palipotakiwa kuwa na jina la brauza, mama alikuwa ameshaandika siku hiyo, kwa herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni: Naomba kufunguliwa.

Virusi!

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na sikuruhusiwa lolote kati ya hayo. Nikasema, "Mama, hodi umebisha vizuri sana. Shida ni wenyeji wa humu ndani, hawana adabu. Wanataka wagongewe kwa fujo, mara mbili mfululizo, bila kupumua. Na wanataka ugonge hapo kwenye picha."

Akanitazama juu ya miwani. "Sasa si ungesema."

Akashika kipanya akagonga mara mbili kama anayemgongea mwanafunzi mtoro. Brauza ikafunguka.

Mstari wa wahitimu ulikuwa bado unapanda jukwaani, wote kwa majoho na kofia za namna moja, picha ndogo yenye chengachenga. Majina tulikuwa hatuyasikii, upepo ulikuwa unayala kwenye kipaza sauti. Nikakodoa macho, na ghafla nikamwona. "Yule! Yule pale anayepanda!" Nikapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akaanza kucheza.

"Huyo siye," akasema mama.

"Mama, ni yeye, mimi ni mumewe."

"Huyo siye. Kaa."

Nikakaa. Walipita wengine kadhaa. Kisha akatokea mmoja, uso umefichwa na kofia, na kwangu hakuwa na tofauti yoyote na wenzake. Mama akasema, "Huyo."

Aliusoma mguu wa kulia, alituambia baadaye. Unatupwa nje kidogo. Alianguka akiwa darasa la pili, na mama alimbeba mgongoni hadi zahanati, na tangu hapo anatembea hivyo. Mimi nimeishi naye miaka yote hii sijawahi kuuona. Pale jukwaani mhitimu yule akainua kichwa, na alikuwa mke wangu.

Mama alisimama, na goti lake lilelile, akabaki amesimama bila kushika kitu mpaka binti yake alipotoka kwenye picha. Ndipo akaketi akalia waziwazi, na wenzake wakapiga vigelegele vya kupasua bati. Na mimi nililia, sioni sababu ya kuficha.

Jioni mke wangu akapiga simu. Nikaweka sauti ya nje ili mama asikie.

"Mama aliniona?"

"Alikuona."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Na wewe je?"

"Nilikuona vizuri sana, mke wangu."

Mama mkwe wangu, ambaye tangu nioe hajawahi kunitania hata neno moja, akainamia simu. "Mwongo huyo. Alimpigia makofi mke wa mtu."

Kisha akacheka, kicheko ambacho sikujua kama anacho, mpaka akashika goti. Upande wa pili mke wangu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mama, rudia," akasema. "Sijasikia vizuri, rudia."

Mama akarudia.