Kovu Halitangulii Ngozi

Siku hizo nilikuwa naendesha bodaboda Korogwe, na abiria wangu wa kudumu alikuwa dada mmoja mtaalamu wa miamba. Kila asubuhi nampakia na nyundo yake, tunaelekea Handeni. Shule niliishia kidato cha pili, lakini maswali sikuyaacha huko darasani, basi njia nzima mimi ni kuuliza tu.

"Dada, unajuaje mwamba upi una umri mkubwa? Mbona haujaandikwa popote?"

"Ukikuta sahani chafu zimerundikwa, ipi ilitumika kwanza?"

"Ya chini."

"Basi na tabaka za mchanga na udongo ni hivyohivyo, mradi hazijapinduliwa. Miaka yenyewe sikutajii. Nakutajia tu nani kaka, nani mdogo."

Siku nyingine, kando ya barabara, akanionyesha mwamba mweusi uliopitiwa na mstari mweupe kama maziwa yaliyomwagika. Upi ulitangulia? Nikasema mweupe, maana ndio mzuri. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Kaka yangu, mweupe umeukata mweusi! Umewahi kuona kovu likatangulia ngozi?"

Nikalitazama goti langu, lililoonja lami mara nyingi, nikacheka na mimi.

Jumapili nikaenda nyumbani Sindeni. Bibi mzaa mama alikuwa amerudi kwenye shamba alikozaliwa, na ombi lake lilikuwa moja: jiko lake jipya likae palepale yalipokuwa mafiga ya mama yake. Ile nyumba ya zamani ilishaanguka, hata mti wa alama hakuna. Mjomba alikuwa anachimba msingi, na mtaro ulipofika magotini jembe likatoa jivu.

Bibi akapiga kigelegele. Mjomba akakuna kichwa.

"Mama, usifurahi mapema. Ujanani nilichoma mkaa hapahapa. Hili huenda ni langu."

Kigelegele kikakatika. Waliowahi kuwasha moto pale ni hao wawili tu, mama yake bibi na mjomba.

Nikaona hapa ndipo pangu. Nikaliendea rundo la udongo uliotupwa nje ya mtaro. Chini kabisa udongo mweusi wenye mizizi, katikati vipande vya mkaa, juu jivu.

"Jivu liko juu," nikatangaza, kifua mbele. "Kwa hiyo ni la juzijuzi. Ni la mjomba."

"Haya, profesa wa bodaboda keshasema," mjomba akadakia.

Bibi akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Basi, mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyonitania siku zote, ila safari hii utani haukuwamo. "Jiko wekeni popote."

Iliniuma kweli. Nikalitazama rundo tena, nione kama kuna namna ya kumtetea. Mizizi ya nyasi, chini kabisa? Tangu lini nyasi zikaota chini ya jivu na mkaa? Ndipo nikakumbuka: mradi hazijapinduliwa! Jembe la mjomba lilikuwa limepindua kila kitu. Kilichotoka mwisho ndicho kilichokaa juu.

Nikaruka mtaroni, nikakwangua ukuta kwa panga mpaka ukawa safi. Jivu lilipita usawa, tabaka ya kijivu, nyekundu, ya kijivu tena, nyembamba kama kurasa. Na kutoka juu lilishuka shimo la mviringo kama bakuli, limejaa mkaa, limelikata lile jivu vipande viwili, kimoja huku, kimoja kule.

"Mjomba, shimo lako la mkaa ndilo hili?"

Akachungulia. "Ndilo. Na mkaa wenyewe mbovu vilevile."

"Limelikata jivu. Sasa nani kaka?"

Akafikiri. "Jivu."

"Umeona? Kovu halitangulii ngozi."

"Ngozi imeingiaje tena hapa?"

Bibi hakungoja maelezo. "Nishusheni," akasema, na kwa sauti ile hakuna aliyebisha. Mjomba akamshika mkono huu, mimi ule. Akainama, akaweka kiganja juu ya ule mstari wa jivu, taratibu, kama mtu anayegusa bega la aliyelala.

"Shikamoo, mama."

Mimi na mjomba tukatazama pembeni. Kisha bibi akageuka, macho yamelowa, meno yote machache yako nje.

"Mbona mmesimama? Nani analeta mafiga?"