Sakafu Isiyojirudia

Kiarie wa Bahati ametumia utu uzima wake wote akiwa amepiga magoti, wala si kwa kusali. Ni fundi wa vigae. Ukiingia benki mjini Nakuru, ukiingia zahanati, ukikaribishwa sebuleni kwa yule mama mwenye malori ya viazi vya Kuresoi, huenda unakanyaga kazi yake, na kwa kuwa imenyooka huna sababu ya kuitazama. Hapo ndipo ilipo dhuluma ya ufundi huu. Dari hutazamwa na aliyelala. Ukuta hutundikwa picha. Sakafu hutazamwa siku mtu anapoteleza, na siku hiyo jina la fundi huulizwa haraka sana.

Kiarie alikuwa na haja moja duniani, na hakuificha. Alitaka mtu mmoja tu aingie mahali, ainamishe kichwa, atazame chini na kuuliza, "Hii ilipangwa na nani?"

"Watu huangalia chini wakiangusha shilingi," mkewe Kui alikuwa akimwambia. Kui ni fundi wa nguo. Cherehani yake iko kwenye veranda ya duka pale sokoni, na kazi yake hutazamwa na kanisa zima kila Jumapili, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kusema apendavyo.

Huko chini sakafuni Kiarie alikuwa na rafiki mmoja, nayo ni redio ya simu. Kila Jumatano jioni kulikuwa na kipindi cha sayansi, na mtangazaji wake, dada mwenye sauti ya kubembeleza, alisimulia mambo ambayo watafiti wameyavumbua majuzi duniani. Wengine husikiliza mambo kama hayo na kusema "lo!" kisha wakaendelea na chai. Kiarie hakuwa hivyo. Yeye akisikia jambo, sharti alifanyie kazi.

Aliposikia kwamba muda huenda kasi zaidi kadiri unavyopanda juu, na kwamba siku hizi kuna saa zinazotambua hata tofauti ya milimita moja, alirudi nyumbani akaliteremsha godoro chini, ili yeye na mkewe wazeeke polepole.

Kui alimtazama akihangaika na mashuka.

"Baba Abby, wewe umeishi sakafuni tangu unioe. Hizo mvi umetoa wapi?"

Godoro lilirudi kitandani kabla ugali haujapoa.

Wiki nyingine ilikuwa zamu ya pweza. Kiarie hajawahi kumwona pweza. Samaki anaowajua ni tilapia wa Kamere, ziwani Naivasha, na hao huja wamekaangwa. Lakini kesho yake alimweleza Kipsang, fundi wa rangi aliyekuwa naye kwenye mjengo, kwamba sehemu kubwa ya akili ya mnyama huyo imo mikononi, na mkono unaweza kuamua jambo lake bila kungoja kichwa.

"Mikono nane na kila moja iko na maoni yake?" Kipsang aliuliza bila kuacha brashi. "Hiyo si ni building committee ya kanisa yenu."

Kipindi kilichomchoma kilikuwa cha historia ya sayansi. Mtangazaji alisema kuna watafiti ambao kazi yao ni kufungua maboksi ya barua kuukuu, na humo wanazidi kukuta kwamba mambo makubwa yaliyopewa jina la bwana mmoja yalifanywa pia na watu ambao hakuna aliyejishughulisha kuwataja. Katika picha za zamani bwana ameandikwa jina na cheo, waliosimama nyuma yake wameandikwa "na wasaidizi." Kiarie alizima grinda. Alilikumbuka lile bamba la shaba mlangoni mwa benki. Waziri yumo, msanifu yumo, hata aliyekata utepe yumo. Sakafu ya mle ndani, ukisoma bamba lile, ilijipanga yenyewe. Alikaa pale kitambo akiwa na uchungu wa kweli, halafu akawasha grinda kwa sababu kigae hakijikati.

Kwa hiyo unaweza kukisia hali yake Jumatano iliyofuata, zamu ilipokuwa ya hisabati na habari ikawa ya vigae. Kwa miaka mingi, mtangazaji alisema, wanahisabati walikuwa wakitafuta umbo moja linaloweza kufunika sakafu bila kuacha pengo, hata sakafu isiyo na mwisho, na mpango wake usijirudie kamwe. Sasa limepatikana. Lina pande kumi na tatu na linafanana na kofia. Aliyeliona wa kwanza hakuwa profesa. Alikuwa mzee mstaafu wa Uingereza, mpenda maumbo, aliyekuwa akikata karatasi nyumbani kwake, na maprofesa wakaja baadaye kuthibitisha.

"Si profesa!" Kiarie alimwambia Kui usiku huo. "Mama Abby, umesikia? Mtu wa kukata karatasi!"

"Nimesikia. Na mimi hukata vitambaa, na hakuna mtu amewahi nitangaza kwa redio."

Hakusikia hilo. Alikuwa ameshapata mahali pa kuipanga kofia hiyo. Kanisa lao la Mwangaza lilikuwa linamalizia jengo jipya, na kila mtu alikuwa ametoa alichojaliwa. Huyu mabati, yule mbuzi wa kunadiwa. Kiarie alitoa magoti yake. Angepanga vigae vya madhabahuni bila malipo, na kwa kuwa kazi ya bure haina msimamizi, Mzee Naftaly, mwenyekiti wa kamati, alimwambia tu, "Fundi, fanya vile Bwana atakuongoza."

Abby, binti yao anayefanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, alimtafutia mchoro akautuma kwa simu. Kiarie aliupeleka saiba ukachapwa kwa wino mweusi. Ulikuwa umejaa kofia zilizoshikana, nyingi nyeupe na chache nyeusi, huku na huku. Alichora kofia moja juu ya katoni, akaikata, akaifanya kipimo.

Kisha akaja Kipsang na masharti yake, maana kuta za kanisa zilikuwa zake.

"Vumbi yako ikipata rangi yangu ikiwa mbichi tutakosana, fundi. Kata tiles zote kwanza, umalize, ndio nifungue mkebe."

Hivyo ndivyo mafundi wanavyoishi kwa amani, na Kiarie hakuona ubaya. Alikaa nje siku nzima akiweka katoni juu ya upande unaong'aa, anachora, anakata, mpaka nyusi zikawa nyeupe na hakukubaki kigae hata kimoja cha mraba. Vyote vilikuwa kofia. Kipsang akafungua mkebe wake.

Upangaji ulianza vizuri. Kofia ya kwanza, ya pili, ya tatu, zilishikana kama watu wa ukoo mmoja. Sakafu ilipofika upana wa meza, likabaki pengo. Kiarie alichukua kofia akaizungusha. Haikuingia. Akachukua nyingine, ambayo bila shaka ilikuwa ileile, nayo ikakataa. Alibomoa, akaanza upya kutoka upande mwingine, na pengo likamfuata huko.

Kui alimkuta amekaa katikati ya vigae, ameshika kichwa. Aliweka chupa ya chai chini, akalitazama pengo jinsi anavyotazama bega la koti.

"Si hapo panataka mkono wa kushoto?"

"Mkono gani?"

"Wewe umekata mikono ya kulia peke yake. Mimi nikimaliza mkono mmoja wa blauzi nageuza patani, ndio nipate ule mwingine. Wewe hukugeuza katoni?"

Kiarie aliipindua katoni mkononi.

Kui aliuokota mchoro. "Na hizi nyeusi ulidhani ni nini?"

"Urembo," Kiarie alisema kwa sauti ndogo.

"Kuuliza si ujinga, Baba Abby. Na mimi niko hapo tu kwa veranda."

Jumatano ikafika, na mtangazaji akasema kwa ile sauti yake, "Wasikilizaji wapendwa, wiki iliyopita nilisahau kutaja jambo dogo." Jambo dogo lenyewe lilikuwa kwamba, ili kofia zifunike sakafu, chache kati yake lazima zipinduliwe. Kiarie aliitupa simu kwenye ndoo ya maji, halafu akakimbia kuitoa.

Simu ilipokauka alimpigia muuza vigae wa Nakuru. "Hiyo design imeisha, boss. Ngoja container." Na kontena halina habari kwamba Jumapili askofu anakuja kuweka kanisa wakfu. Kurudi kwenye vigae vya mraba haikuwezekana, kwa kuwa hakukuwa na mraba tena. Alibaki na njia moja. Kofia ya kulia ukiilaza kifudifudi inakuwa ya kushoto, ila sasa mng'ao uko chini, na juu kuna mgongo wa kigae, mwekundu kama tofali, wenye mifuo.

Alijaribu moja. Ikaingia pengoni bila kusukumwa. Akafuata mchoro, kila palipo na nyeusi akilaza mgongo juu, na sakafu ikaanza kwenda. Ilitoka kwenye mimbari ikafika ukutani, rangi ya maziwa yenye madoa mekundu, bila pengo na bila safu. Ukidhani umeona mpango, unakukimbia. Kiarie alisimama mlangoni akaitazama, akalia kidogo. Maishani mwake hakuwahi kupanga kitu kizuri namna hiyo.

Jumapili kanisa lilijaa. Kiarie alivaa suti, akakaa karibu na mbele. Askofu alipanda madhabahuni kwa heshima zote, na kiatu chake kikakwaruza kwenye mfuo. Akasimama. Akainamisha kichwa. Akatazama chini, akatazama kulia na kushoto, kisha akauliza kwenye kipaza sauti, mbele ya waumini wote:

"Hii ilipangwa na nani?"

Moyo wa Kiarie uliruka. Maneno yenyewe, bila kupungua hata moja! Alisimama.

"Ni mimi, Baba Askofu."

"Ndugu yangu," askofu alisema kwa upole, "hizi zingine umeziweka kifudifudi."

Kanisa likacheka. Kiarie alijaribu kueleza. Alieleza pande kumi na tatu, akaeleza mkono wa kushoto na wa kulia, akaeleza mzee wa Uingereza na karatasi zake, akasema sakafu hii ukiendelea kuipanga hivi mpaka Kisumu, na upite, haitajirudia. Kadiri alivyoeleza ndivyo askofu alivyozidi kutikisa kichwa taratibu, kwa huruma ile wanayopewa walevi waliolala mtaroni.

"Tumwombee ndugu yetu," askofu akasema.

Wakamwita mbele. Kiarie akapiga magoti, kama kawaida yake, juu ya sakafu yake mwenyewe, na wazee wakamwekea mikono, kila mkono na maoni yake. Mzee Naftaly aliomba kwamba roho ya ulevi imtoke. Kiarie hajawahi kunywa kitu kikali kuliko chai ya tangawizi.

Kabla mwezi haujaisha kamati ilikuwa imenunua zulia jekundu. Lina maua ya waridi yaliyopangwa kwa safu, ua na ua, hatua kwa hatua, ukiliona moja umeyaona yote.

"Si kwa ubaya, fundi," Naftaly alimwambia. "Ni heshima ya madhabahu."

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na jina la Kiarie lilitembea. Sakafu zote zilizonyooka hazikuwahi kumtaja. Hii moja ilimtaja mpaka Kuresoi. Wateja walikuwa wakimpokea wakicheka, "Karibu, Kifudifudi, na sisi usitupindulie!" Alicheka nao, akapanga miraba yao, na hakuna aliyeitazama. Kipindi cha Jumatano aliacha kukisikiliza. Kilimuuma, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu Kui hakumcheka hata mara moja, na kutochekwa na Kui kulimtia hofu kuliko kicheko cha wote.

Usafi wa kanisa hufanywa Jumamosi na akina mama kwa zamu. Kiarie aliona kwamba zamu ya Kui imekuwa ikija mara nyingi sana, na kwamba anachelewa kurudi. Jumamosi moja mvua ilipotishia, alichukua mwavuli akamfuata.

Akina mama wengine walikuwa wameondoka. Zulia lilikuwa limekunjwa hadi ukutani. Kui alikuwa amepiga magoti katikati ya madhabahu, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, na mbele yake alikuwa amepanga vifungo vya mashati juu ya vigae, vyeupe hapa na vya samawati pale.

"Mama Abby, unafanya nini?"

"Nakutafutia makosa." Hakuinua kichwa. "Mimi nimeunga vitenge maisha yangu yote. Hakuna kitambaa haijirudii. Ile siku ulisimama ukamwambia askofu hii yako haijirudii, nikasema huyu nitamshika."

"Umenishika?"

"Kuna hapa na pale." Alionyesha vifungo vyeupe, kisha vya samawati. "Hizo sehemu zinafanana kabisa. Wiki jana nikajua nimekupata. Leo nimesogea kidogo tu kando, zimeachana. Hii imeenda hivi, ile imeenda vile."

Kiarie alisogea karibu. Alisimama tu na mwavuli wake, akimtazama mkewe akisogeza kifungo kutoka kofia moja hadi nyingine.

"Na usipopata?" aliuliza mwishowe.

"Si nitaendelea kutafuta. Sogea, unanikingia mwanga."