Rangi Mbichi kwenye Wavu

Tulikuwa tukijua mkaguzi wa serikali anakuja hata kabla gari lake halijatoka Kericho. Nyapara alikuwa akiamuru mawe ya njiani yapakwe chokaa, nasi wachuma chai tukaambiana, haya, wageni hao. Siku hiyo ndipo wavu wa chuma wa kukinga mikono ulipotolewa stoo, ukapigwa rangi na kufungwa mbele ya mkanda wa mashine ya kusokota majani. Mkaguzi akienda zake, wavu nao ulirudi stoo. Mkanda ule ulikuwa unateleza, na ukiwa na wavu huwezi kuupaka nta ya kuushikisha bila kusimamisha mashine, majani yakaharibika. Kiwanda kizima kilijua. Mume wangu, aliyeshinda kwenye mashine hiyo, alijua zaidi.

Safari moja mkaguzi aliushika ule wavu, vidole vikatoka na rangi ya kijani. Mume wangu alinisimulia jioni, huku anacheka. Yule mkaguzi Mzungu alivitazama vidole, akamtazama meneja, wakacheka wote wawili, akajifuta kwa leso na kutia sahihi. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Mvua kubwa ilipoanza, mkanda ulimchukua mume wangu mkono wa kulia. Kampuni ikasema kiwanda kilikaguliwa na serikali kikapita. Basi nikaenda kwa serikali. Nilikaa kwenye benchi la ofisi kule Kericho mpaka miguu ikafa ganzi, nikarudi tena, na tena. Nilitaka mtu mmoja tu akubali kwamba kosa ni lao, ili mume wangu asifutwe, maana asiye na kazi hakai nyumba ya kampuni, na sisi hatukuwa na shamba la kurudia.

"Mama," karani akaniambia, naye amenichoka, "serikali inaangalia tu. Si serikali iliyomwandika bwana yako kazi."

"Iliangalia nini?"

Akaita mtu mwingine. Nilichoka, jamani, nilichoka hata hasira ikaniisha.

Mwishowe kampuni ilimpa kazi nyepesi ya stoo, tukabaki na nyumba. Mawe yalipopakwa chokaa tena, yeye ndiye aliyeutoa wavu, akaupiga rangi kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia akatae.

"Tulale wapi?" akaniuliza.

Mkaguzi alikuwa yule yule. Nilisimama mlangoni na kikapu changu, nikamwona akiutazama ule mkono mtupu wa koti la mume wangu. "Pole sana, mzee," akasema. Kisha akaupita wavu kwa mbali kidogo, asijichafue, akatia sahihi.